Goti la mtu wa miaka 29 si mzaha

Mwambie mtu kwamba una miaka 29 na goti halikuruhusu kushuka ngazi, uone. Wa kwanza atacheka. Wa pili atakuuliza kama jina lako limeshaingia kwa orodha ya Inua Jamii, zile shilingi 2,000 ambazo serikali huwatumia wazee wa miaka 70 kwenda juu. Hapa Butali hata jina liko tayari: utaitwa "kuka", yaani babu, na jina hilo likishaanzia kwa steji ya bodaboda halitoki tena. Ukimwomba fundi wa mjengo akuruhusu upumzike dakika tano, wewe ni mvivu. Ukiwa msichana utaambiwa ni viatu, ama ni mwili, ama ni kwa sababu bado hujazaa. Ukishazaa utaambiwa ni kwa sababu umezaa.

Ugonjwa huo upo, una jina, na haukuombi kitambulisho kwanza uangalie ulizaliwa lini. Unaitwa osteoathritisi. Ncha za mifupa yako, pale zinapokutana kwenye goti, nyonga au kifundo cha mguu, zimefunikwa na gegedu, ile tabaka nyeupe, ngumu kiasi na telezi, ambayo ukila kuku unaiona kwenye ncha ya mfupa wa paja. Gegedu likianza kulika na kiungo kizima kikianza kubadilika, unapata maumivu, ukakamavu, uvimbe, na ile sauti ya kukwaruza ukiinuka. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwa milioni 365 kati yao ni goti. Asilimia 73 ya wagonjwa wamepita miaka 55. Watu wakisikia hiyo 73 wanasema, si tuliwaambia ni ya wazee. Hebu piga hesabu ya waliobaki. Ni zaidi ya watu milioni 140, karibu mara tatu ya Wakenya wote waliohesabiwa kwenye sensa ya mwaka huo huo.

Mimi naona hivi: kinachomwangusha kijana mwenye viungo vibovu ni kutoaminiwa, hata zaidi ya gegedu lenyewe. Usipoaminiwa unaficha. Ukificha unajikaza mchana na kujinunulia sindano jioni. Miaka mitano ikipita hivyo, misuli imeisha, tumbo lina vidonda, kazi imekuacha, na daktari unayemwona mwishowe anakuuliza ulikuwa wapi. Ulikuwa hapa tu, ukichekwa.

Tuanze na mpira, kwa sababu wengi wetu hapo ndipo pametuharibia. Kijiji chochote cha Malava kina uwanja, na uwanja wowote una msee aliyekuwa moto akiwa shule, akaumia goti, akapotea. Kuna kano iliyo ndani kabisa ya goti ambayo wachambuzi wa mpira hupenda kuitaja kwa herufi tatu, ACL. Kuna pia vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyokaa katikati ya mifupa kama breki ya mpira. Watafiti waliofuatilia watu waliochanika kano hiyo au vipande hivyo wanasema kwamba baada ya miaka 10 hadi 20, karibu nusu yao huwa na osteoathritisi. Sasa fikiria mtu aliyeumia akiwa na miaka 17. Miaka 10 baadaye ana 27. Ishirini baadaye ana 37. Kwa hesabu ya Katiba yetu, kijana ni mtu wa kati ya miaka 18 na 35, kwa hivyo ugonjwa huu unamkuta bado akiwa kijana kisheria, akitafuta kazi, akitafuta mchumba, pengine akilipa mkopo wa pikipiki.

Langu ni la kushoto. Niliumia nikiwa kidato cha tatu kwenye mechi ya shule, goti likajipinda huku mguu umekwama kwenye nyasi. Aliyekuwa na sanduku la dawa alinipulizia ile ya baridi, akanipiga mgongo, nikarudishwa uwanjani kumalizia dakika 20. Hakuna picha iliyopigwa, hakuna barua iliyoandikwa nyumbani. Leo nina miaka 31, na daktari aliyeangalia eksirei yangu alidhani faili zimechanganywa.

Mpira si peke yake. Pita barabara ya Kakamega kwenda Webuye wakati viwanda vinasaga, uangalie mashambani. Kijana anainama kutoka asubuhi, anakata muwa chini kabisa kwenye shina, anaurundika, kisha anabeba mafungu begani hadi kwenye trela. Analipwa kwa tani, kwa hivyo kupumzika ni kujikata mshahara. Kuinua mizigo mizito, kupiga magoti na kuchuchumaa kwa muda mrefu kazini ni mambo yanayojulikana kuongeza hatari ya goti kulika, na kazi ya shamba inahusishwa kabisa na nyonga kuharibika. Halafu kuna pikipiki. Ukivunjika mfupa karibu na kiungo na mvunjiko ukaingia hadi kwenye gegedu, hata ukiungwa vizuri, kiungo hicho kinaweza kuzeeka kabla yako.

Na kuna sababu moja ambayo vijana wa Magharibi hatuizungumzii vya kutosha. Huku kwetu, kama sehemu zote zenye malaria nyingi, ugonjwa wa selimundu si mgeni. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo, na moja ya sehemu zinazokosa damu ni kichwa cha mfupa wa paja, pale kwenye nyonga. Mfupa hufa, hubonyea, na kiungo huharibika mtu akiwa na miaka 20 na kitu. Kwa hivyo kama una selimundu na paja au kinena kinauma ukitembea, usikubali kuambiwa ni ile ile ya kila siku. Omba nyonga ipigwe picha. Kumbuka pia kwamba maumivu ya nyonga yana ujanja wa kujitokeza gotini, na wengi hutibiwa goti miezi mingi wakati shida iko juu.

Tuje kwa kemisti.

Kila soko lina moja, na kila kemisti ina sindano. Unaingia ukichechemea, unatoa mia mbili au mia tatu, unachomwa kwa makalio, na kesho unacheza mpira. Inafanya kazi, ndiyo maana watu hurudi. Mara nyingi ni diklofenaki, wakati mwingine imechanganywa na steroidi. Hizo ni dawa halali na zina mahali pake, lakini diklofenaki na ndugu zake zikitumiwa kila mara hutoboa tumbo, huumiza figo na kupandisha presha. Steroidi zikitumiwa sana zinaweza kufanya kile kile ambacho selimundu hufanya: kuua kichwa cha mfupa wa paja. Yaani unaweza kuingia kemisti na goti bovu ukatoka baada ya miaka na nyonga mbovu.

Vile vikopo vya "mitishamba ya viungo" vinavyouzwa kwa matatu na kwa mitandao navyo uviangalie mara mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu vidonge vilivyoitwa Artri King, vilivyouzwa kama virutubisho vya asili vya viungo. Maabara ilipovipima ilikuta diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye kikopo. Kwa hivyo ukikutana na majani yanayoondoa maumivu ya miaka mitatu kwa usiku mmoja, jiulize ni majani gani hayo. Na glukosamini, ile ya bei kali ambayo binamu yako wa ng'ambo anakuletea Disemba? Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kutoka mwaka 2006, wenye wagonjwa zaidi ya 1,500 wa goti, haukuona kwamba kwa jumla inashinda kidonge kitupu. Mwambie akuletee viatu.

Kuna na ile hadithi ya mafuta ya goti. Umeisikia: kijana akiumwa na magoti, wazee wa kijiweni wanakonyezana, eti amemaliza mafuta kwa wanawake. Nimeisikia mpaka kwa mtu mwenye shahada. Ute wa kiungo hutengenezwa na utando ulio ndani ya kiungo chenyewe na hauna uhusiano wowote na chumba cha kulala. Kinyume chake, goti lenye osteoathritisi mara nyingi huvimba kwa sababu ute umezidi. Hiyo hadithi inafanya kazi moja tu, kumfanya mgonjwa aone aibu kuuliza.

Basi dawa ni nini? Hapa ndipo utakapokasirika, kwa sababu jibu halina sindano. Ni misuli.

Gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kutoka kwa ute, kama sponji: ukikanyaga linabanwa, ukiinua mguu linanyonya. Ukilala kitandani miezi mitatu "ukipumzisha goti", unalinyima chakula, na misuli ya paja inayobeba goti inanyauka. Kisha unainuka, uzito wote unaangukia kiungo, unaumia zaidi, unasema unaona, nilisema nisisogee. Wengi wamezunguka hapo kwa miaka.

Denmark walianzisha mpango mwaka 2013 unaoitwa GLA:D, ambao baadaye ulisambaa hadi nchi nyingine. Mgonjwa wa goti au nyonga anafundishwa ugonjwa wake ni nini, kisha anafanya mazoezi mara 12 chini ya mtaalamu, mara mbili kwa wiki. Hakuna mashine ya ajabu. Kuinuka kwenye kiti na kuketi polepole. Kupanda kidato na kushuka kwa kujizuia. Kulala chali na kuinua makalio. Kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Haya yote unaweza kuyafanya kwenye benchi la kibanda cha chai, na mwenye kibanda atakushangaa wiki ya kwanza tu.

Siri iko kwenye kanuni ya maumivu, ambayo hakuna mtu huku anatuambia. Ukifanya zoezi na goti likauma kidogo au wastani, hiyo si ishara kwamba linaharibika. Angalia kesho yake. Kama maumivu yamerudi pale yalipokuwa ndani ya saa 24, endelea. Kama yamepanda na kukaa, punguza, usiache. Na usihukumu kwa siku nne. Misuli huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha tofauti, muda ule ule ambao wengi wetu tungekuwa tumeshachomwa sindano tano au sita.

Baiskeli ni rafiki mkubwa wa goti kwa sababu inakupa mwendo bila kishindo. Nchi hii ya Magharibi tulikuwa na baiskeli kila boma, hata neno bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli za mpakani Busia, na leo kijana akionekana juu ya Black Mamba anaulizwa kama pikipiki imechukuliwa na wenye mkopo. Sema ndiyo, uendelee kukanyaga.

Sasa uzito. Najua hili linauma kusikia, hasa kwa akina dada ambao huambiwa "punguza mwili" hata wakiwa na homa. Asilimia 60 ya wagonjwa wa osteoathritisi duniani ni wanawake, na wengi wakiingia kwa daktari husikia neno hilo moja kisha mlango unafungwa. Kwa hivyo nitasema kwa hesabu bila dharau. Kwa watu wenye uzito mkubwa na goti bovu, utafiti umeonyesha kwamba kila kilo moja unayopunguza inaondoa karibu kilo nne kwenye goti kwa kila hatua. Kilo tano ni kilo 20, yaani jerikeni moja ya maji iliyojaa, imetolewa juu ya goti lako kila unapokanyaga. Huhitaji kuwa mwembamba. Na kama uzito wako ni wa kawaida na bado unaumwa, usikubali mtu akuzungushe na hadithi ya chipsi.

Wengi wataniuliza, si kuna upasuaji? Upo, lakini tujue ni upi. Kuingiza kamera na "kusafisha goti" kwa ajili ya osteoathritisi kulipendwa sana zamani. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha jaribio la wagonjwa 180: wengine walisafishwa goti, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa bila kufanyiwa lolote ndani. Baada ya miaka miwili hakukuwa na tofauti ya maumivu. Ukiambiwa utafute laki kadhaa kwa shughuli ya namna hiyo, uliza maswali, isipokuwa kama goti linakwama kabisa na halinyooki, hiyo ni habari nyingine.

Kubadilisha kiungo kizima kunafanya kazi, na kwa mtu aliyefika mwisho ni ukombozi. Tatizo la kijana ni muda. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Lancet ulikadiria kwamba magoti ya bandia yanayofika miaka 25 ni asilimia 82, na nyonga asilimia 58. Mwenye miaka 70 hana wasiwasi na hesabu hiyo. Mwenye miaka 32 atakuwa na 57 kiungo kikianza kulegea, na kurudia upasuaji ni kugumu kuliko wa kwanza. Ndiyo maana daktari mzuri atakuambia ngoja kidogo, jenga misuli. Hakudharau. Lakini "ngoja" isiyo na mpango wa mazoezi, isiyo na tarehe ya kurudi, hiyo ni kufukuzwa kwa heshima, na una haki ya kuikataa.

Mashabiki wa mpira wa zamani wanamkumbuka Marco van Basten, Mholanzi wa AC Milan. Kifundo cha mguu kilimmaliza. Mechi yake ya mwisho ya ushindani aliicheza mwaka 1993 akiwa na miaka 28, na baada ya upasuaji wa mara kadhaa akatangaza kustaafu mwaka 1995. Andy Murray naye, yule wa tenisi, aliwekewa chuma kwenye nyonga Januari 2019 akiwa na miaka 31, na Oktoba mwaka huo huo akashinda taji Antwerp. Siwataji ili uone kwamba ukijituma utashinda tenisi. Nawataja kwa sababu walipochechemea dunia nzima iliamini kwamba wanaumwa. Mkata miwa wa Chegulo mwenye umri ule ule anachechemea na anaambiwa ameamka vibaya.

Kabla hujajipa jina la ugonjwa mwenyewe, kuna mambo yanayotaka daktari haraka. Kiungo kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, na una homa: hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, nenda siku hiyo hiyo. Ukiamka asubuhi viungo vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi, hasa vidole vya mikono yote miwili, huenda ni baridi yabisi, ugonjwa tofauti wenye dawa tofauti ambazo zinafaa zianze mapema. Ukakamavu wa osteoathritisi kwa kawaida huachia ndani ya nusu saa. Maumivu yanayokuamsha usiku huku unakonda, usiyaweke kwenye mfuko wa "kuka". Na ukienda, usiende na neno "goti linauma" pekee. Sema uliumia lini, linavimba au la, linakwama au linaachia ghafla, na ni kitu gani hasa kimekushinda kufanya. Omba upelekwe kwa mtaalamu wa tibamaungo. Watu hutoka hospitali na mfuko wa vidonge wakidhani mambo ya mazoezi ni ya waliopooza.

Gharama najua. Bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kibarua wa tani, ambaye anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, hiyo si hela ndogo. Jiandikishe hata hivyo, na ulipie ukipata, kwa sababu siku ya kupelekwa rufaa Kakamega si siku ya kuanza kutafuta nambari ya usajili.

Kuna mambo ya nyumbani ambayo hayaandikwi popote, na ndiyo yanayovunja mtu. Choo cha shimo, kwa mfano. Mtu mwenye goti lisilokunja anaingia pale akiwa mtu mzima na anatoka akiwa ameshika ukuta na machozi. Hakuna anayelisema kanisani wala kwenye chama. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya shimo, pamoja na mti mmoja wa kushikilia ukutani, vinarudisha heshima kwa bei ndogo kuliko sindano mbili. Palizi ifanye kwa jembe la mpini mrefu, au ukae kwenye kigoda, na ubadilishe kazi kila baada ya nusu saa. Kanisani simama wengine wakipiga magoti. Mungu ameona eksirei. Kwenye matanga, isukuti ikianza, cheza, lakini cheza ukiwa umesimama wima, wachia wengine zile za kuchuchumaa. Na chumbani ongea na mwenzako kuhusu mkao usiokuumiza. Wengi huacha kabisa kwa aibu, kisha wanaambiwa wana mtu kando.

Lakini nisingependa umalize kusoma ukidhani huu ni mzigo wako peke yako. Tuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri amfidie mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Mkata miwa akiuliza mwajiri wake ni nani, anaelekezwa kwa kontrakta, kontrakta anaelekeza kwa mwenye shamba, mwenye shamba anaelekeza kwa kiwanda, na kiwanda kinasema hakimjui. Kila mmoja wao anakula kwenye ile tani. Sioni kwa nini wawakilishi wetu wa kaunti wanaweza kukaa mchana kutwa wakijadili bei ya miwa na wasitenge hata saa moja kujadili mgongo na magoti ya anayeikata.

Na mpira wenyewe. Eneo hili linapenda michezo kwa dhati. Jina la Butali linajulikana nchi nzima kwa hoki, na jina la Kabras kwa raga tangu waliponyakua Kenya Cup mwaka 2016. Huku chini kwenye mashindano ya kata, mheshimiwa huleta jezi, mipira na ng'ombe wa mshindi. Hakuna aliyewahi kuleta barafu. Hakuna anayemlipa mtu mmoja anayejua kumpima aliyeumia goti na kusema huyu harudi uwanjani leo.

Nafuu nyingine haihitaji mheshimiwa hata kidogo. FIFA ina mpango wa kupasha misuli moto unaoitwa 11+. Unachukua kama dakika 20, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira, na maelekezo yake yako bure kwenye intaneti. Ulipojaribiwa Norway kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo kuchapishwa mwaka 2008, majeraha kwa jumla yalipungua karibu theluthi moja, na yale mabaya karibu nusu. Sisi kupasha moto ni kuzunguka uwanja mara mbili tukipiga stori, kisha mmoja anapiga mashuti golini mpaka refa apige filimbi.

Kama wewe ni nahodha wa timu ya mtaa, iwe hapa Butali, iwe Kawangware ambako nusu ya timu ni watoto wa huku, jaribu hili kabla ya mashindano ya Disemba. Pakua ile 11+ leo jioni. Fika uwanjani nusu saa mapema mara mbili kwa wiki. Kwenye ile pesa ya kiingilio mnayochangishana, ongezeni shilingi 20 kila mtu iwe ya barafu na nauli ya hospitali, na mkubaliane sasa hivi, kabla damu haijachemka, kwamba goti likipinda na kuvimba siku hiyo hiyo, mwenyewe harudi mchezoni, hata kama ni fainali na mmebaki kumi. Na yule jamaa wenu wa zamani aliyepotea, yule mnayemwita kuka, mpigieni simu. Mtamhitaji mtu wa kusimamia mazoezi ya kuinuka kwenye benchi, naye anayahitaji kuliko nyinyi nyote.